Watu Wawili kwa Mzee Mmoja

Euphrasie hakupenda habari za vyama. Kule kwao Uvira baba yake alilipa ada ya chama cha wafanyakazi mpaka alipostaafu, na alipoumia mkono kazini hakumwona kiongozi hata mmoja. Kwa hiyo alipoajiriwa kuhudumia wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee huko Brooklyn Park, ughaibuni, alijiunga na chama kwa kuwa wenzake walijiunga, basi.

Kilichomvuta kwenye shughuli za chama ni mgongo wa Bernardine, mwenzake tangu kambi ya wakimbizi na sasa kazini. Asubuhi moja wahudumu walikuwa pungufu, Bernardine akamwinua mzee mnene peke yake, mgongo ukakwama. Msimamizi wao, Stacy, alisema Bernardine alipaswa kumwita mwenzake wa zamu. Mwenzake alikuwa Euphrasie, na saa ile alikuwa ghorofa ya juu akiwalisha wazee uji, naye yuko peke yake.

Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la jimbo likamtuma Dominic, mzee aliyewahi kufanya kazi machinjioni. Hakuahidi makubwa. Alimwomba Euphrasie aende Saint Paul, kwenye bunge la jimbo, akawaeleze wabunge yaliyotokea.

"Nitasema nini mimi, na Kiingereza changu hiki?"

"Sema Bernardine alikuwa anafanya nini alipoumia."

Alikwenda moja kwa moja kutoka kazini. Akasinzia kwenye benchi la ukumbini mpaka Dominic alipomgusa bega. Alizungumza kidogo. Wabunge wakamshukuru, mmoja akiangalia simu, na mwaka ule halikubadilika lolote. Njiani alimwambia Dominic kwamba amechoka, hatarudi tena. Dominic hakumbembeleza. Alisema tu kwamba mapumziko ya chakula aliyoyakuta machinjioni yalidaiwa na watu waliofukuzwa kabla yake, na hata majina yao hakuyajua.

Euphrasie alirudi. Kwa miaka kadhaa alihudhuria vikao vya mkataba akiwatafsiria wenzake, Jumapili akikosa kwaya, na binti yake Shekinah akazoea kula peke yake. Mwishowe mwajiri akakubali: mzee asiyeweza kusimama atainuliwa na watu wawili.

Euphrasie akampelekea Bernardine habari hiyo Lakeville, alikokuwa akiishi kwa mwanawe. Bernardine alimsikiliza akiwa amelala chali mkekani, maana kiti hakukiweza tena.

"Ni vizuri, Mama Shekinah," akasema. "Wengine hawataumia."

Euphrasie akaingia jikoni. Akamwoshea vyombo.

Dominic alikuwa amekwisha kustaafu alipokuja mfanyakazi mpya, Kirezi. Msichana huyo aliuliza kwa nini mtu mmoja ainuliwe na wawili. Stacy akamwambia ndivyo ilivyokuwa hapa siku zote.

Euphrasie alikuwa ng'ambo ya kitanda, ameshika shuka. Angeweza kusimulia yote, lakini miguu ilimuuma, na kengele za vyumba vingine zilikuwa zinalia.

"Haya, binti," akasema, "shika vizuri, tuinue."