Bomba la Moshi Lililochelewesha Posa Yangu

Mpaka leo, mwanangu, sijaisahau siku ya posa yangu, kwa sababu ndiyo siku ambayo mshenga alifika kwetu Mahurunga akalisahau jina langu. Baba yako hapendi isimuliwe. Lakini jana ulipotuonyesha kwenye simu picha za hizo heda, mabomba ya moshi unayotaka kulifungia gari lako, alizitazama moja moja, na ulipoondoka akaniambia, "Mweleze." Basi nakueleza.

Baba yako wakati huo alikuwa kijana wa Magomeni ya hapa Mtwara, ana pikapu aliyoachiwa na marehemu baba yake. Alibeba mihogo na korosho kutoka vijijini kuleta mjini, na ndivyo tulivyojuana, maana mjomba wangu Bakari, aliyenilea, alikuwa mkulima wa korosho. Manifodi ya gari lile, yaani kile chuma kinachopokea moshi ubavuni mwa injini na kuupeleka kwenye ekzosi, ikapasuka. Angeweza kutafuta nyingine ya namna ileile. Yeye dukani akaziona heda: mabomba marefu, kila tundu la injini na bomba lake, yamekunjwa vizuri na yanang'aa. Muuzaji akamwambia gari litavuta zaidi na litatoa sauti nzito. Akazichukua palepale. Baada ya hapo nikawa nalisikia gari lake likiwa bado mbali, na sitakudanganya, sauti ile ilinipendeza. Nilijua linakuja kwetu.

Siku ya posa ilikuwa masika, mvua tangu asubuhi. Baba yako alikaa kwenye usukani. Katikati alikaa babu yako Hamisi, baba yake mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga. Bibi yako, mama yake baba yako, akakaa mwisho, upande wa mlango. Kwa ajili ya mvua walifunga vioo. Cha baba yako tu kilibaki wazi, kwa sababu waipa ilikuwa mbovu na ilimbidi atoe mkono nje kupangusa kioo cha mbele kwa kitambaa. Njia ilikuwa tope tupu, wakaenda polepole mno.

Mimi nilikuwa jikoni, na jiko letu lilipakana na baraza, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Babu yako Hamisi alishuka anayumba. Aliketi mkekani, akasalimia vizuri, kisha akaanza.

"Ndugu yangu, tumekuja kwa heri. Tumekuja kumwomba... tumekuja kumwomba..." Akajishika kichwa. "Yule binti. Samahani, naomba maji."

Kwetu huku unajua mjomba ndiye mwenye neno la mwisho katika ndoa. Mjomba Bakari hakuinua sauti. "Mzee Hamisi, umekuja kwangu umelewa?"

"Wallahi sijalewa. Kichwa kinanigonga tu."

"Na mama wa kijana, mbona hashuki?"

"Amelala, mjomba," baba yako akajibu. "Njia imemchosha."

Nilijua posa yangu inavunjika pale pale. Nikajitanda kanga kichwani, nikatoka na kikombe cha maji kwenda kumwamsha bibi yako, angalau yeye aseme neno la maana. Nilipofungua mlango wa gari, moshi ukanipiga usoni. "Mama, tumefika," nikamwambia. Hakuitika. Nikamshika bega, kichwa kikaangukia kifuani. Kikombe sijui nilikitupa wapi. Nilipiga ukelele, baba yako akaja mbio, tukamtoa pamoja. Mjomba akakataza tusimwingize chumbani. "Mlazeni barazani, penye hewa. Na ninyi wengine msimzunguke."

Mganga wa zahanati alipofika, bibi yako alikuwa ameshafumbua macho, anatapika. Mganga alimpima, akauliza walikujaje, akaenda kunusa gari. Akatuambia wazi kwamba ni moshi wa injini, na kwamba ndani ya moshi ule kuna hewa isiyoonekana wala kunuka, inayomlaza mtu taratibu bila yeye kujijua. Njia ingekuwa ndefu zaidi kidogo, alisema, asingeamka. Baba yako alisikia maneno hayo amesimama kwenye mvua, wala hakutafuta pa kujikinga.

Mvua ilipokatika, mjomba akamwita baba yako wafungue boneti. Nami nilisogea, hakuna aliyenifukuza. Lile bapa la chuma linaloshikilia mabomba kwenye injini lilikuwa jembamba kama mfuniko wa sufuria. Joto lilikuwa limelipinda, na penye mwanya masizi yametapakaa. Sakafuni, chini ya miguu ya bibi yako, kulikuwa na tundu la kutu lililofunikwa kwa zulia. Moshi ulikuwa unapanda hapo.

"Bomba hili ulilichagua kwa nini?" mjomba akauliza.

"Nguvu, mjomba. Na sauti."

"Unabeba mihogo. Unashindana na nani?"

Baba yako akainama kuyatazama yale masizi.

"Wakati unalichagua, ulimfikiria nani wa kukaa humu ndani?"

"Nilijifikiria mimi mwenyewe."

"Basi leo simtoi Zuhura. Sijakukatalia. Siku utakayoniletea gari ninaloweza kumpandisha mtoto wangu mvua inanyesha na vioo vimefungwa, tutazungumza."

Bibi yako alibaki kwetu mpaka akapata nguvu, halafu mjomba akampeleka hospitali mjini kwa gari la jirani. Siku zile nilimwogesha, nikampikia uji, tukawa tunaongea kama watu waliojuana zamani. Ndiyo maana hujawahi kutusikia tukigombana.

Baba yako kwanza aliziba sakafu. Kisha akazunguka maduka yote kutafuta manifodi ya zamani, lakini kila aliyoiona ilikuwa imepasuka kama yake. Ikabidi achague heda tena, ila safari hii alikwenda na rula ya chuma. Aliilaza juu ya bapa, akachungulia kama mwanga unapita chini yake. Aliacha zilizong'aa, akachukua zenye bapa nene na maungio yaliyochomelewa kuzunguka pote. Muuzaji alimwambia zile hazina sauti, naye akasema afadhali.

Alipozileta Mahurunga zimeshafungwa, mjomba alinipa bakuli la maji ya sabuni. "Angalia wewe, maana wewe ndiye utakayepanda." Injini ilikuwa ya baridi. Nikapaka sabuni kwenye kila kiungo, baba yako akawasha, kisha akaenda nyuma kuziba ekzosi kidogo kwa gunia bichi. Penye bolti moja povu likatoka, moshi unavuja. Nikamwonyesha. Hakubisha. Alifungua zote, akabadilisha gasketi inayoziba kati ya bapa na injini, akakaza upya, akasubiri injini ipoe, nikapaka tena. Nilitazama kiungo kimoja kimoja, sikuharakisha hata kidogo, na yeye ameinama nyuma ya gari na gunia lake, ananisubiri.

"Hakuna povu," nikasema.

Mjomba akaenda kunawa mikono, akaniambia nipakue wali. Tulioana baada ya korosho kuvunwa.

Sasa wewe, mwanangu. Heda sikukatazi, na gari lako si pikapu ile. Lakini una mke, na una kichanga kinacholala kiti cha nyuma mkitoka Rahaleo kuja kutusalimia. Anza hapo. Muulize muuzaji unene wa bapa kabla hujamuuliza sauti. Ukizipata, zijaribishe kabla ya kukaza chochote: matundu yote ya bolti yakubaliane yenyewe, fundi akianza kuyalazimisha kwa nyundo, zirudishe. Ziwe mbali na nyaya na mkono wa usukani, na zisining'inie chini, maana unazijua njia zetu na ule mgongo wa mchanga katikati. Nunua chuma kisichoshika kutu, kwa sababu chumvi ya hapa Mtwara inakula bomba la kawaida huku unalitazama. Gari lako lina sensa ya moshi, kile kipimo kinachochomekwa kwenye bomba, kwa hiyo hakikisha heda zina tundu lake. Gasketi weka mpya. Bolti zikishapata moto wa kwanza na kupoa, zikazwe tena. Na siku ukisikia mlio wa kupuliza penye injini, au mtu yeyote garini akilalamika kichwa, simamisha, fungua milango yote, shusha watu. Usiseme utalitazama ukifika.

Ukishindwa kupata zenye sifa hizo, baki na manifodi uliyonayo. Gari likienda kimya hakuna atakayekucheka, na akikucheka, hayumo ndani.

Mwenyezi Mungu akupe jicho la kuchagua na moyo wa kusubiri, mwanangu. Azilinde pumzi za mkeo na za mwanao kila mnapofunga milango, na kila ulikompeleka mtu ashuke mzima, akuage kwa jina lako, aende zake salama.