Maiki Niliyoilaumu kwa Sauti Yangu

Hata ninapoandika haya nina hasira, na wa kulaumiwa ni mimi. Mkahawa mmoja hapa Chaani ulitafuta mtu wa kupiga muziki wa bluzi kwa kinanda cha mdomo kila Jumamosi. Kazi niliitaka kufa kupona. Mazoezi nilikuwa nimeyaacha tangu nijifungue, lakini nilinunua maiki mpya, nikaamini itanipa ile sauti nene.

Nikapuliza mbele ya mwenye mkahawa. Ikatoka sauti nyembamba, kama ya mtoto mwenye mafua.

Nikamgeukia fundi wa spika. “Wewe! Maiki yangu umeifanya nini?”

“Dada, mimi—”

“Nyamaza! Sauti yangu siyo hii, wallahi. Rekebisha!”

Nikapuliza tena, ikawa mbaya zaidi.

Fundi akainua ncha ya waya. “Dada, maiki yako bado sijaichomeka.”