Mkeka wa Majogoo

Verlin Stohlman alikuwa na kanuni moja ya kambi, na hakuivunja hata mvua inyeshe vipi. Kabla ya kuchomeka umeme, kabla ya kuunga mpira wa maji, alitandika mkeka mlangoni pa karavani yake, nyumba ya magurudumu anayoivuta kwa gari. Mkeka wenyewe wa plastiki, wa kijani, una picha za majogoo. Wenzake wa barabarani walimtania sana.

"Mzee, majogoo wamelala salama?"

"Wako macho kuliko wewe."

Hakuwaambia kwamba mkewe, Ardith, kumbukumbu zilikuwa zinamtoka kidogo kidogo. Asubuhi akishuka, hajui yuko jimbo la Iowa au la Kansas, lakini akiwaona majogoo anajua hapa ni kwake, basi anatulia na kuomba kahawa. Maisha yake yote Verlin alikuwa amefanya kazi kwenye ghala la nafaka akimwahidi mwanamke huyu kwamba siku moja watatembea. Siku ilipofika, ndiyo hali hiyo. Inauma, asikwambie mtu.

Watoto walikuwa wamepinga. "Baba, siku mama akikataa kuingia kwenye hiyo karavani, mnarudi, na anakwenda kwenye nyumba ya wazee," alisema binti yao, Maurine. Verlin alikubali, na Verlin si mtu wa kuahidi halafu akaruka.

Jioni moja waliingia kwenye kambi ya Twyla, mjane mwenye mdomo wake, kando ya barabara kuu ya Nebraska, nyuma kuna reli na mahindi tu. Verlin aliegesha, akafungua sanduku la mizigo. Akatoa mipira, akatoa viti, akatoa jiko la mkaa. Mkeka hakuna. Lo! Alikuwa ameuanika kwenye uzio wa kambi ya jana, na huko ndiko ulikobaki. Mjinga mkubwa we, alijiambia, kitu kimoja tu cha kukumbuka!

Alipoinua kichwa, Ardith alikuwa ameketi kwenye benchi la nje ya ofisi ya Twyla, mkoba mapajani.

"Twende ndani, mpenzi. Nataka kupasha supu."

"Ndani wapi?"

"Kwetu. Ile pale."

"Ile si yetu. Yetu ina majogoo." Akamtazama kwa adabu, kama anavyotazamwa karani wa posta. "Namsubiri mume wangu, bwana. Hatakawia."

Zaidi ya miaka hamsini ya ndoa, leo anaitwa bwana!

Twyla alikuwa anamwagilia maua, akasikia yote. Alileta mkeka wa mlango wa ofisi yake, lakini Ardith akaukunjia pua. "Huo umechakaa, mama." Verlin akamshika mkewe mkono amwinue, mkewe akauchomoa mkono wake. Hapo Twyla akamvuta mzee kando.

"Unamkokota nini kama ndama? Hakujui wewe nani. Mkaribishe! Kwani zamani hukumtongoza?"

"Zamani nilikuwa na nywele."

"Basi vua kofia hivyo hivyo."

Akavua kofia, akarudi kwenye benchi. "Mama, baridi inaingia. Nina supu ya kuku na kitanda safi. Karibu ungojee kwangu mpaka mumeo aje."

"Mimi ni mke wa mtu."

"Najua. Ana bahati huyo."

Ardith akamgeukia Twyla. "Huyu unamjua?"

"Namjua. Hang'ati. Anakoroma tu."

"Hata wangu anakoroma," alisema Ardith, akacheka, akanyoosha mkono asaidiwe kuinuka.

Alikunywa supu akaisifu. Aliomba upande wa dirishani, maana mumewe humwachia upande huo. Verlin alizima taa, akajilaza ukingoni kabisa na nguo zake zote mwilini, mgeni asije akaogopa. Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke. Kesho atampigia Maurine simu; ahadi ni ahadi.

Haukupita muda, nyayo mbili za baridi zikaja chini ya blanketi, zikajibandika kwenye miguu yake, kama zilivyofanya tangu wiki ya harusi.

"Verlin," ikasema sauti ya usingizi, yenye hasira kidogo. "Umelala na suruali. Una nini leo?"

"Hamna kitu, mke wangu," alisema alipoweza kusema. "Nilichelewa kidogo."

"Nilijua utakuja. Vua, ulale."