Uzio wa Sadaka

Mimi ni mwoga, na heri niseme mwenyewe kabla wanaonifahamu hawajanisemea. Naogopa radi, naogopa ng'ombe wenye pembe ndefu, naogopa barua zenye mhuri. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, nami nimeishi na maneno hayo bila aibu. Lakini hofu iliyonipata mwaka ule tulipopewa uzio, sijapata nyingine mfano wake.

Nalea kituo cha sanaa hapa Nyakakika. Ukisikia kituo usifikirie ghorofa. Ni chumba cha matofali ya kuchoma, kibaraza, na uwanja wa udongo mwekundu ambapo vijana hujifunza ngoma na kinamama husuka mikeka na vikapu. Hatutozi ada wala hatuna mfadhili wa mbali. Tunaishi kwa kupewa. Na kuomba nako kuna namna yake huku kwetu. Humwombi mkulima fedha, utamfedhehesha. Unamwomba kile alicho nacho. Mwenye migomba huleta mkungu siku ya mazoezi. Kahawa ikivunwa, wapo wanaotutengea debe. Asiye na mkungu wala debe huja na jembe kupalilia, na jembe lake tunalishukuru mbele ya watu sawasawa na mabati tuliyopewa na usharika. Mama mmoja alitoka Kiruruma na ngozi ya ng'ombe ya kuwambia ngoma, akakaa siku nzima kutusimamia tusije tukaiharibu.

Aliyetoa kikubwa kuliko wote alikuwa mzee jirani, mkulima wa kahawa, ambaye ujanani alikuwa mchezaji ngoma hodari. Yeye alitoa ardhi yenyewe. Nilipomgusia habari za hati alicheka mpaka akakohoa. Aliita majirani, akawamiminia rubisi, pombe yetu ya ndizi, kisha mbele ya macho yao akapanda miramura, ile mimea ya majani marefu tunayoiotesha mipakani, mstari mmoja kutoka barabarani hadi bondeni. Kwetu huo ndio mhuri. Mwenye ardhi akishapanda miramura mbele ya mashahidi, neno limekwisha, na hakuna anayethubutu kuigusa. Mkewe alimfuata nyuma amebeba vipando. Huyo alikuwa mke wa pili, aliyeolewa mzee akiwa mgane tayari, na hakujaliwa mtoto. Mzee alisema maneno mengi siku ile. Mimi nilishika lile moja la kwetu, maana furaha ilikuwa imeniziba masikio.

Miaka michache baadaye mzee akaanza kuugua. Mwanawe mkubwa, aliyezaliwa na mke wa kwanza, akaja kutoka Mwanza kumwuguza. Alikuwa mtu wa maneno machache. Asubuhi moja nilimkuta amesimama katikati ya uwanja wetu, anautazama kama mtu anayekadiria kitambaa dukani. Alinisalimia kwa heshima zote, kisha akaniuliza kama huwa tunalipa pango. Nikamwambia baba yake alitupa. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Sasa, tulikuwa na rafiki mwingine, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Kayanga. Babu yake alikuja na biashara kutoka Tanga, na mjukuu amerithi moyo wa kutoa pamoja na duka. Alisikia kwamba mbuzi wanaingia uwanjani, akanuia kutuwekea uzio, iwe sadaka yake. Aliagiza mafundi kutoka mbali, wakaja na nguzo, waya na mapanga. Mimi nilikuwa Bukoba nimempeleka dada yangu hospitali.

Niliporudi nilimkuta mwenye duka amesimama langoni, amevaa kanzu safi, anatabasamu. Waya umenyooka, unang'aa. Na pembeni mwa barabara, lundo la miramura iliyokatwa, yote, kutoka juu hadi bondeni.

"Vichaka navyo nimewaondolea," alisema.

Watu husema mpewa hapokonyeki. Mimi nilikuwa nimepewa na kupokonywa kwa mkono uleule, tena mkono wenye nia njema kabisa. Nikamwambia asante sana, Mungu akuzidishie, huku nakaza kitenge kiunoni.

Wiki ileile mzee akafariki.

Ningefanya nini? Nilifikiria kuipanda upya. Lakini kupanda miramura bila mwenye ardhi na bila mashahidi ni wizi wa ardhi, tena baba wa watu hata kaburi halijakauka. Nikinyamaza, siku wazee wa ukoo watakapotembea shambani kumkabidhi mrithi, hawataona mpaka. Wataona waya wa dukani, na waya wa dukani yeyote anaweza kuununua. Nilianza kuwaza ngoma zetu zikiwa zimetolewa nje, zimepangwa barabarani, mvua inazinyeshea.

Msibani nilichota maji, nikapika, nikaosha masufuria ya watu. Mjane alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Kila nilipopita alinitazama kwa muda mrefu, nami niliona lawama katika macho yale. Nikahakikisha sibaki naye peke yangu. Hata msiba ulipotulia, nyumba yake ikiwa jirani kabisa na uzio, sikwenda. Nilikuwa nafundisha kusuka nimeupa uzio mgongo. Mvua zikaanza, nyasi zikapanda, na mimi sikugeuka kutazama.

Mwishoni nilimweleza mwenye duka. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akaniuliza kwa nini siku ile nilimwambia asante. Akasema atakuja mwenyewe kusema alichokifanya.

Siku ya kukabidhi ikafika. Wazee walizunguka kahawa, wakazunguka migomba, wakafika kwetu. Majirani waliokunywa rubisi siku ile walikuwepo wote. Wengi wao hulima maharage kwenye ardhi ya familia hiyo kwa kuazimwa, na aliyekuwa akiwaazima sasa yuko kaburini.

"Mpaka uko wapi?" mwanawe akauliza.

Majirani wakatazama vidole vya miguu yao. Mwenye duka akajitokeza, akawaamkia wazee shikamoo, akaeleza yote bila kujificha. Mzee mmoja wa ukoo akamjibu kwa upole kwamba mtu anaweza kukata chochote, kisha akakiita jina alipendalo. Mimi nilijisogeza nyuma ya majirani.

Hapo ndipo mjane alipopita katikati yetu. Alipiga magoti kwenye uzio, akaanza kuondoa majani makavu ya migomba yaliyotandazwa chini ya waya. Nilidhani ni takataka za upepo. Chini yake kulikuwa na visiki vya miramura, na kila kisiki kimetoa machipukizi, mabichi, marefu kama kidole. Alisogea kwa magoti, akifunua kimoja baada ya kingine, na mstari ukaanza kuonekana ukiteremka bondeni. Alikuwa ameyafunika mbuzi wasiyale. Kumbe mafundi walikata tu, hawakung'oa.

Mwana wa marehemu aliufuata mstari peke yake hadi chini, akarudi polepole. Karibu na barabara kilikuwepo kisiki kimoja kilichooza. Alisimama hapo. Kisha akaomba jembe. Akachagua kwenye lundo shina lililokuwa bado bichi, akachimba, akalipanda mbele ya wote, akaushindilia udongo kwa kisigino.

"Tumeona," wakasema wazee.

Nililia pale pale, sikujali. Watu walipotawanyika nilimfuata mjane, nikapiga magoti, nikamshukuru kwa kukiokoa kituo.

"Kituo?" Alinitazama kana kwamba nimechanganyikiwa. "Mwanangu, mstari ule una pande mbili. Siku aliyowapa ninyi upande wenu, na mimi alinipa upande huu, na nyumba hii. Alisema mbele ya watu wote. Ungefutika wenu, na wangu ungefutika, na mimi sina mtoto wa kunisemea."

Nikakumbuka amebeba vipando. Nikakumbuka macho yake msibani.

"Nilikuwa naogopa, mama," nikasema.

"Najua. Kila siku nilikungoja uje, tuogope pamoja."