Bahasha Iliyolindwa Mno

Kituo chetu cha afya Ijumbi kilikuwa na programu ya mafaili ya wagonjwa, na mtunza kumbukumbu nilikuwa mimi. Aliyeitengeneza alikuwa fundi wa Kanazi, nshomile kamili, msomi asiyeuficha usomi wake. Mganga mfawidhi wetu, mama mgumu kuamini watu, alimbana kwenye mkataba: msimbo wa programu, yaani yale maandishi ambayo fundi mwingine akiyapata anaweza kuirekebisha, uwekwe kwa wakili Bukoba. Fundi akitutupa, tukauchukue. Flashi ikaingia kwenye bahasha, wakili akapiga lakiri, tukapiga picha kama maharusi.

Miaka miwili baadaye programu ikarukwa na akili. Kila aliyefika ilimhesabu kazaliwa siku hiyohiyo. Mzee mmoja wa kanisa alikuja na goti lake bovu, kompyuta ikadai kadi yake ya chanjo ya surua. Akaniuliza kwa upole kama nitamning'iniza kwenye mizani ya watoto.

Fundi hakupokea simu wala hakujibu barua. Muda wa kumsubiri uliotajwa kwenye mkataba ulipokwisha, tukaenda Bukoba. Wakili akakata lakiri mbele yetu kwa heshima zote, nikachomeka flashi. Ilikuwa video ya harusi ya fundi. Tuliitazama mpaka keki ikaliwa, tukidhani msimbo uko mbele.

“Hukuwahi kuifungua?” mganga akauliza.

“Mama, mlinipa kazi ya kuilinda,” wakili akasema. “Nimeilinda.”

Nilicheka, kisha nikasoma mkataba na kicheko kikakatika. Kulikuwa na kifungu kilichomtaka mtunza kumbukumbu aende kila mwaka kuhakiki kilichomo. Sikuwahi kwenda. Nilikunja karatasi ile kabla mganga hajaiomba.

Tukasikia fundi yuko kisiwani, upande wa Muleba, ananunua dagaa. Nilitumwa mimi. Nilitapika njia nzima ndani ya mtumbwi wa injini, nikamkuta akigeuza dagaa juani. Aliponiona hakukimbia, aliinamisha kichwa tu. Alinieleza kwamba alikuwa na flashi mbili zinazofanana. Kosa aliligundua siku wakwe zake walipoketi kutazama harusi, wakaona mistari ya herufi na namba. Akaona aibu kutuambia, na kila simu yetu ilimzidishia aibu.

“Msimbo uko wapi sasa?” nikamuuliza.

“Rubafu, kwa mama mkwe. Droo ya chini ya televisheni.”

Mama mkwe alinipa flashi baada ya kuahidiwa ile ya harusi. Fundi mpya aliunda programu upya kutoka kwenye msimbo ule, akarekebisha hesabu ya umri, mezani kwa wakili, mchana kutwa, na safari hii bahasha haikufungwa mpaka tulipoiona ikifanya kazi. Mzee wa goti alirudishiwa umri wake. Nilikiri kwa mganga kuhusu kile kifungu wiki iliyofuata. Alisema alikuwa anajua, na alikuwa anasubiri kuona nitakaa nacho muda gani.