Dozi Niliyoikata

Hasara ni shilingi elfu sabini na nne. Nimehesabu mara mbili, kwanza kwa kalamu, kisha kwa vidole, na hesabu zimekubaliana. Humo sijatia maziwa tuliyomwaga, kwa sababu mama alikataa kuniambia yalikuwa lita ngapi.

Ng'ombe alikuwa wake. Baba alipofariki, malipo yake ya kazi ya reli yalikuja kwa vipande, na mama akayakusanya mpaka yakatosha kununua mtamba mmoja. Akamjengea banda la mabati nyuma ya nyumba, mtaani Kaloleni, Nairobi. Majirani walicheka, baadaye hao hao wakaja na vikombe. Kwa miaka sita mama alikamua asubuhi na jioni, na hakuniomba hata pesa ya chumvi. Ukiwa mama wa mtu kama mimi, anayeuza viatu vya mitumba sokoni Gikomba, mtu anayekupa mia na kungoja chenji, hiyo ni heshima kubwa.

Asubuhi moja akanipigia simu. Huniita baba kwa kuwa nilirithi jina la babake.

"Baba, ng'ombe amekataa mkono."

Nilitembea kutoka Shauri Moyo. Upande mmoja wa kiwele ulikuwa umevimba na kupata moto, na chuchu mbili zilitoa maji ya manjano yenye vibonge, kama maziwa ya mala yaliyoharibika. Nikapiga picha, nikaipeleka duka la dawa za mifugo.

"Huu ni ugonjwa wa kiwele," muuzaji akasema, dada mmoja asiye na haraka. "Bakteria wameingia kupitia tundu la chuchu. Chukua tyubu sita. Kila chuchu tyubu tatu: ukishakamua unasukuma moja ndani, mpaka ziishe."

"Moja pesa ngapi?"

"Mia mbili."

"Sita kwa mia saba."

"Bosi, hizi si nyanya."

"Basi nipe mbili kwa mia tatu na sitini. Nikiona kazi yake nitarudi."

"Bakteria hawatakungoja."

"Hata wenye nyumba huningoja."

Alicheka, akanipa mbili. Mtaani kwetu mafuta ya kupikia hupimwa kwa kikombe, sabuni hukatwa kipande, na dawa za malaria nimewahi kununua nusu, nusu nyingine nikaimalizia kwa kulala. Anayenunua kitu kizima kabla ya kukijaribu tunamwona mgeni. Nilirudi Kaloleni nimeokoa mia nane na arobaini, natembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Mama akachungulia ndani ya mfuko. "Ni hizi tu?"

"Ni hizi tu. Moja kwa kila chuchu."

"Wamesema hivyo?"

"Wamesema hivyo."

Siku hiyo maneno hayo hayakunigharimu kitu.

Baada ya siku tatu uvimbe ulishuka, maziwa yakawa meupe. Nikamwambia tuanze kuuza. Akakataa, karatasi ya dawa ilisema siku za kungoja bado. "Dawa imo ndani. Mtoto wa jirani anywe nini?" Akamwaga mtaroni mbele yangu, nami nikasindikiza kila kikombe kwa macho.

Wiki mbili baadaye ugonjwa ulirudi, sasa chuchu tatu, kiwele kigumu kama jiwe, na ng'ombe hataki majani. Ikabidi tumwite daktari wa mifugo. Alikamua kidogo kutoka kila chuchu kwenye kisahani chenye vishimo vinne, akatia dawa ya zambarau, na vishimo vitatu vikaganda kama uji. Akapeleka maziwa maabara. Alirudi na jina: stafilokoka. Ni bakteria wanaojichimbia ndani kabisa ya nyama ya kiwele, akasema, na hawa wetu penisilini haikuwauma tena. Zilibaki dawa mbili za bei kali, na hakuahidi kitu.

"Mara ya kwanza mlimaliza dozi?"

Mama akawahi kujibu. "Tulimaliza. Huyu alileta zote."

Daktari akanitazama. Mimi nikatazama ndoo.

"Kama dozi iliisha," akasema polepole, "basi tuangalie usafi. Mama, unampangusa na nini?"

Akaonyesha kitambaa kimoja cha kanga kuukuu, alichotumia kwa chuchu zote nne. Daktari akamweleza kwa upole kwamba bakteria hawa husafiri kwa mikono na kwa kitambaa, kutoka chuchu hadi chuchu. Mama akakikunja kitambaa, akakikunja tena, mpaka kikaenea kiganjani.

Langoni daktari akaniuliza, "Zilikuwa ngapi?"

"Mbili."

"Kati ya?"

"Sita."

Akashusha pumzi. "Hata sita huenda zingeshindwa, siwezi kukudanganya. Lakini mbili ni kuwaonjesha tu. Mwambie mama yako wewe mwenyewe."

Tulidunga sindano siku tano na kumaliza kila tyubu. Chuchu moja ilipona, mbili zikakauka kabisa. Ng'ombe wa chuchu mbili hawezi kujilipia majani ya Nairobi. Mwenye bucha akaja na elfu hamsini na tano mkononi.

"Ana dawa mwilini," mama akasema. "Ngoja siku alizosema daktari ziishe."

"Mathe, dawa itaishia kwa sufuria."

"Sufuria ya nani?"

Siku zilipoisha alirudi na arobaini, maana alijua hatuna pa kwenda. Nikambana mpaka arobaini na tano. Nilifurahi dakika nzima, kisha nikageuka nimwonyeshe mama noti, nikakuta ameshaingia ndani na kufunga mlango.

Hajanilaumu, na hapo ndipo ninapoumia. Wanawake wa kanisa wakija kumpa pole huwaambia, "Ni mikono yangu." Ananawa kabla ya kumimina chai na ananawa baada ya kumimina. Juzi jirani alimletea kichanga amkande, kama alivyowakanda watoto wa mstari mzima wa nyumba zile. Mama akarudisha mikono nyuma. Akasema mikono yake inabeba vitu.

Nilikuwepo. Nilikuwa na kikombe mdomoni, nikameza.

Nimemtumia pesa za ng'ombe mwingine mara mbili kwa simu, na mara mbili amezirudisha, akakatwa ada ya kutuma. Ana miaka sabini na moja. Kila Jumapili nafika mlangoni nikiwa na sentensi nzima tayari, ananiita baba, sentensi inaisha. Wewe unayesoma, kama umewahi kumwachia mzazi kosa lako akalibeba kama lake, naomba unishauri: ulianza na neno gani?