Zile za Uzi Mwekundu

Mbithe alipoambiwa mara ya kwanza kwamba mmea ulio bora hauliwi, alicheka hadi akashika kiuno.

"Wewe binti," alimwambia Wangeci, "unataka nile makapi, nyama niitazame tu?"

Wangeci alikuwa mwanafunzi wa kilimo kutoka chuo kilichoko upande wa Kabete, msichana mwembamba mwenye buti za mpira na haraka ya mtu anayechelewa kila mahali. Alikuwa amezunguka mitaa ya Riruta na Satellite, Nairobi, akitafuta mkulima wa kumpa kipande cha shamba afanyie utafiti. Hakutaka utafiti wa mahindi wala wa kahawa. Alitaka mgagani, ile mboga chungu ambayo wengi jijini huiita saga, inayoota yenyewe kwenye majalala na kando ya barabara, na ambayo vitabu vingi huitaja kwenye sura ya magugu. Wenye mashamba walimsikiliza kwa heshima, wakamfungia lango.

Mbithe hakuwa na lango. Alipanga chumba katika ploti ya Mzee Ndegwa huko Satellite, na chini ya ploti, kando ya kijito, Ndegwa alimwachia alime mahali pasipojengeka kwa sababu ya maji ya masika. Mumewe, Kilonzo, alikuwa askari wa mlangoni katika jengo moja la Upper Hill. Binti yao Kanini alisoma bweni, na ndiyo sababu ploti nzima ilimwita Mbithe Mama Kanini.

"Sikia, mama," Wangeci alisema, akachuchumaa kwenye tuta. "Mgagani una haraka ya kuzaa. Hujachuma mara mbili, tayari umetoa maua, na ukishatoa maua, majani kwisha. Lakini angalia huu hapa. Na ule kule. Hii imechelewa, imejaa majani. Sasa wewe ukishuka hapa na kisu, unakata upi?"

"Huo uliojaa."

"Na mbegu unatoa wapi?"

Mbithe alitazama mche mmoja mkondefu uliokwisha kuchanua, ambao hakuna mtu angejisumbua kuuchuma. 

"Unaona? Mnakula nzuri, mnapanda mbaya. Mama zetu walifanya hivyo, na mama zao. Ndiyo maana siku hizi inatoa maua ikiwa na urefu wa kidole."

"Wangefanyaje? Mtoto anataka kula leo."

"Najua. Lakini mtu mmoja angevumilia, mama. Mmoja tu."

Hapo Mbithe aliacha kucheka. Neno hilo lilikuwa limemgusa mahali ambapo binti wa watu hakupajua.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu huko Kitui ilipoingia njaa ya themanini na nne. Alikuwa wa kwanza darasani mwake, mwenye mgongo wa kubeba maji na ulimi usioogopa wageni. Baba yake aliwatazama watoto wake mmoja mmoja, kama mtu anayechagua mbuzi wa kupeleka sokoni, akamnyoshea kidole yeye. "Huyu ataweza," alisema. Akaletwa Nairobi kuwa yaya katika nyumba moja ya Kitisuru. Ndugu zake, waliokuwa wazito wa kila kitu, walibaki shuleni. Kule Kitisuru mtunza bustani aling'oa mgagani kati ya mawaridi akautupa. Mbithe aliuokota, akaupika kwenye chumba cha watumishi nyuma ya nyumba, mpaka mama mwenye nyumba akalalamika kwamba harufu inamfikia sebuleni.

Hakuwahi kumwambia mtu jambo hilo. Siku ile alimwambia Wangeci kwa maneno machache tu: "Mimi nilichumwa kwanza." Kisha akamwuliza kamba ya kuwekea alama iko wapi.

Hapakuwa na kamba. Mbithe alifumua sweta kuukuu la Kanini, la shule, na wakafunga uzi mwekundu kwenye kila mche uliochelewa kutoa maua. Mingine yote ilikuwa ya kula na kuuza. Ya uzi haikuguswa na mtu mpaka vile viganda vyake virefu, vyembamba kama vijiti vya kiberiti, vigeuke manjano na mbegu zikomae.

Ploti ilipata kichekesho. "Mama Kanini, hizo zako zimebatizwa?" Karanja, jirani wa chumba cha mwisho aliyeuza vipuri vya baiskeli, hakuchoka kumwuliza. "Au zimeposwa? Nione shela nyekundu!"

"Zimeposwa, na mahari yake huiwezi. Pita."

Msimu ukaenda, ukaja mwingine. Mbegu za uzi zilipandwa, zikachujwa tena, zikafungwa tena. Msimu wa tatu Kilonzo mwenyewe, mtu asiyesifu chakula, alisimama shambani asubuhi akitoka lindo na kuuliza kama hiyo bado ni mboga ile ile. Majani yalikuwa mapana kama kiganja cha mtoto, na maua hayajaonekana.

Mwaka huo Wangeci alimpeleka Mbithe mjini, kwenye mkutano katika hoteli moja kubwa. Wakubwa walisimama mmoja baada ya mwingine kusifu mboga za kiasili: damu, mifupa, macho, urithi wa taifa. Watu wakapiga makofi. Saa ya chakula ilipofika, wakala kuku na chipsi. Mbithe alitafuta mgagani kwenye kila sahani ndefu ya mezani, asiuone. Alirudi Satellite na hasira iliyomfanya apalilie hadi giza likaingia.

"Msimu mmoja tu umebaki, mama," Wangeci alimwambia walipopanda kwa mvua za vuli za mwaka elfu mbili na saba. "Mbegu hii ikikauka vizuri, inatoka hapa inaenda kwa wakulima wengine. Machakos, Kisii, kokote. Na nitaandika imetoka mikononi mwa nani."

Mbithe alilichukua neno hilo akalala nalo. Kwa mara ya kwanza maishani, kitu bora alichokuwa nacho kilikuwa kimeachwa kisimame.

Kisha watu wakapiga kura, na matokeo yakatangazwa, na nchi ikashika moto.

Malori ya mboga ya sukuma wiki hayakufika. Maduka yalifungwa, na duka lililofunguka halikuwa na unga. Hata vocha za simu ziliadimika. Barabarani, vijana waliokuwa wakicheza mpira pamoja Jumapili iliyopita walisimama na mapanga wakiulizana majina ya pili, wajue nani ni wa kabila gani. Wale waliowapa ulimi wa kuchukiana walikuwa ndani ya nyumba zenye ukuta na jenereta, na friji zao zilikuwa zimejaa.

Ploti ilikula shamba la Mbithe. Alifungua mwenyewe, akawaambia wachume. Kwa siku chache kila jiko lilinuka mgagani, na watu walichuma mpaka vikonyo. Ilipobaki ile ya uzi tu, hakuna aliyeuliza. Walipita kando yake kama watu wanaopita kando ya kaburi.

Wangeci alipiga simu kutoka kwa wazazi wake, sauti ikikatika. "Mama, uko salama? Na zile za uzi?"

"Ziko. Viganda bado kijani."

"Wiki mbili, mama. Mbili tu. Tafadhali."

"Nimesikia."

Sasa, katika ploti hiyo aliishi Nanyama, mwanamke kijana kutoka magharibi. Mumewe, fundi wa mawe, alikuwa amekwenda kwao Krismasi na barabara zikamfungia huko. Uchungu ulimshika siku ambayo hakuna gari lililothubutu kutoka. Mbithe ndiye aliyempokea mtoto, kwa mikono iliyooshwa kwa maji ya jerikeni na wembe uliochemshwa. Mtoto alilia vizuri. Damu ya mama ndiyo iliyokataa kuisha upesi, na ilipoisha, Nanyama alibaki na midomo ya rangi ya majivu, na maziwa hayakuja.

Hakuomba kitu. Alisema tu, macho yakiwa ukutani, kama mtu anayeongea na mwenzake wa zamani: "Kwetu, ukizaa, mama mkwe anakuletea saga na maziwa ya ng'ombe. Unakula mpaka usimame."

Mbithe alitoka nje. Alishuka mpaka shambani, akasimama. Mimea ya uzi ilikuwa mirefu hadi kifuani, imejaa viganda kama nywele. Ukikata vilele, umekata na mbegu. Majani laini yaliyobaki yalikuwa juu huko huko. Alipita kati ya matuta akitafuta mche ambao hakuufunga uzi, hata mmoja uliojificha. Hakukuwa na kitu. Alikaa juu ya jiwe la kufulia, kisu magotini, akafikiria misimu yote ile. Akafikiria pia kidole cha baba yake. 

Akasimama, akakata.

Nanyama aliuona uzi kwenye fungu. "Mama Kanini, hii si ile ya..."

"Nyamaza uchambue."

"Utamwambia nini yule binti wa chuo?"

"Nitamwambia ulikula. Chambua, maji yanachemka."

Karanja alikuwa mlangoni kwake aliposikia harufu. Hakuwa na utani siku hiyo. "Kumbe ziko," alisema. "Sisi tunalala njaa na heshima zetu, wewe unazipeleka kwa hao. Hao hao!"

Mbithe alimgeukia polepole. "Hao nani, Karanja? Sema jina. Yule mtoto ana siku mbili. Sema amekukosea nini."

Karanja alitazama chini.

"Leta sufuria," Mbithe alisema.

"Sikumaanisha..."

"Leta sufuria, nimesema. Na uite wengine."

Alikata yote. Kila chumba kilipata fungu, na kila mtu alichambua majani akatupa vilele nyuma ya chumba chake, kwenye mtaro. Jioni shamba lilikuwa vishina vitupu, vingine bado vikiwa na uzi.

Nanyama alisimama siku ya tatu. Maziwa yalikuja. Lakini asubuhi moja mlango wake ulikutwa na alama ya chaki. Mzee Ndegwa aliifuta mwenyewe kwa kitambaa kibichi, akasugua muda mrefu hata baada ya alama kutoka. Kisha akasema bila kumtazama Nanyama: "Binti yangu, nyumba ni yangu, lakini njia si yangu. Sitaweza kukulinda." Lori la polisi lilikuwa likikusanya barabarani watu waliofukuzwa makwao. Karanja ndiye aliyebeba godoro la Nanyama. Hakungoja shukrani.

"Nilikula mbegu yako," Nanyama alimwambia Mbithe kando ya lori.

"Ulikula mboga. Panda, mtoto asipigwe na jua."

Wangeci alifika Februari, barabara zilipofunguka. Alitembea kati ya vishina, akainama, akafungua uzi mmoja.

"Misimu minne, mama," alisema. "Minne! Sasa tunarudi kwenye ile mbegu ya zamani, tunaanza sifuri. Hukuweza kuacha hata michache?"

"Ungekuwa wewe, ungemwacha nani bila?"

 Wangeci alikaa kwenye jiwe la kufulia akalia kama mtoto, na Mbithe akakaa kando yake. Na yeye alikuwa amefiwa na kitu kile kile.

Mvua za masika zilinyesha. Nyuma ya vyumba, kwenye mtaro ambapo watu walitupa vilele, mgagani uliota. Viganda vingine vilikuwa vimekomaa vya kutosha, kumbe. Sehemu nyingi watu waliuchuma ukiwa mchanga, wakaumaliza. Nyuma ya chumba cha Nanyama tu haukuchumwa, kwa kuwa chumba kilikuwa kitupu na hakuna aliyependa kupita hapo.

Mbithe alimpigia Wangeci.

"Hizo zimechanganyika na za barabarani, mama. Utafiti hauwezi kuzikubali."

"Sijakuuliza utafiti. Nakuuliza, nikizichuja tena, zitarudi?"

"Zinaweza. Ikiwa una subira."

Mei, chumba kilipata mpangaji mpya, seremala kijana aitwaye Kivuva. Jioni ya kwanza Mbithe alimkuta nyuma ya nyumba na sufuria, ameinama. Mimea mingi ilikuwa imechanua. Mmoja ulikuwa umesimama katikati, majani mapana, bila ua hata moja, na mkono wa kijana ulikuwa umeushika shingoni.

"Huo uache," Mbithe alisema. "Chukua hiyo yenye maua."

"Ai, mama! Si watu huchuma iliyo nzuri?"

"Ndiyo maana nzuri imetuishia."

Kivuva alicheka, kisha akaona Mbithe hacheki. Akauachia mche. "Ni wako?"

"Ni wa Nanyama. Alikaa chumba hicho."

"Atarudi?"

Mbithe alipiga goti kwenye tope la mtaro, akatoa mfukoni uzi wa sweta la Kanini, akaufunga kwenye shina taratibu, usilibane.